Mume Wangu Ameifungia Nyumba kwa Neno la Siri

Kimbo, Ruiru
Jumamosi, 14 Machi 1998

Kwa Mwalimu Gichuru,
Somo la Usalama wa Kompyuta, Chuo Kikuu.

Mwalimu mheshimiwa,

Naomba radhi kwa kukaa miezi miwili bila kukuandikia. Kalamu imo sandukuni, na sanduku lina kufuli la tarakimu ambazo mimi sikupewa. Hii nimeiazima dukani.

Mimi ni mke wa Fahim, mwanafunzi wako wa jioni, yule mrefu anayekuja darasani moja kwa moja kutoka kazini. Si kwamba sitaki asome. Mimi ndiye niliyemwambia ajiandikishe, na nikimwona amempakata binti yetu Zahra huku akimsomea madaftari yako, moyo unalainika. Lakini Mwalimu, wewe ulimfundisha kulinda kompyuta. Kompyuta sisi hatuna. Kwa hivyo analinda nyumba. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mlango. Uliwaambia neno la siri libadilishwe kila mwezi, na anayekosea mara tatu afungiwe. Jumanne, siku ambayo hana darasa, nilitoka kazini nimelowa, Zahra mgongoni analia, nikalikosea neno la mlango mara tatu. Fahim akaniambia kutoka ndani, kwa upole sana, nisubiri dakika kumi na tano. Alijua ni mimi. Alisema sauti si ushahidi.

2. Akiba. Ulisema kitu cha maana kiwe na nakala, na nakala ikae mbali. Sasa nusu ya unga wetu, nusu ya nepi na ufunguo wa pili viko kwa mama yake, Makongeni ya Thika. Nikitaka kusonga ugali wa kututosha, sharti nifike Thika kwanza.

3. Vyeo. Kuna karatasi ukutani. Fahim ni msimamizi. Mama yake ni msimamizi msaidizi. Mimi ni mtumiaji wa kawaida. Zahra, ambaye nilimzaa mimi, bado hana cheo, lakini naona ameachiwa nafasi juu yangu.

4. Virusi. Ulisema diski ya mtu isiingizwe kabla ya kupimwa. Jirani akileta githeri yake ya mahindi na maharagwe, Fahim huionja mlangoni, hungoja nusu saa ajisikilize, ndipo bakuli liruhusiwe kuingia. Tunakula baridi.

5. Hili ndilo lililonifanya niazime kalamu. Jirani huyo ni Wangeci, Mama Shiko. Yeye ndiye humlea Zahra nikienda kazini, na ndiye tuliyekuwa tukimwachia ufunguo, kama wapangaji wote wa ploti hii wanavyofanya. Wiki hii Fahim amemwekea kitabu: akimchukua mtoto aandike saa na kutia sahihi, akimrudisha atie tena. Wangeci alimtazama kutoka kichwani mpaka viatuni. "Ai, Baba Zahra! Huyu mtoto nimempangusa miezi nane bila kitabu. Leo ndio mimi mwizi?" Akasema kuanzia Jumatatu tutafute mwingine, ikiwezekana askari. Mwalimu, mwingine hakuna. Na supavaiza wangu ameshaniambia nikikosa siku moja tu, wa kuchukua nafasi yangu wako langoni.

6. Na hofu yote hii ni ya nani? Hapa tunajuana. Mtu akibisha, tunafungua. Akisema ametumwa, tunampa alichotumwa. Tumeishi hivyo na hata kijiko hakijapotea.

Kwa hivyo naomba, kabla ya Jumatatu, ufanye moja kati ya haya. Umfundishe Fahim somo la kusahau. Au umpe alama ndogo kidogo, si za kumfukuzisha, za kumpunguza tu. Au uje mwenyewe na karatasi yenye muhuri wa chuo, isomwe mbele ya ploti, kwamba Wangeci amechunguzwa kitaalamu na si tishio. Ikishindikana yote, basi chuo chenu kimlee Zahra kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Uji wake usiwe na sukari nyingi.

Nisalimie watu wa nyumbani kwako, wanafunzi wenzake Fahim, karani wa idara, na kompyuta zote, hata zinazougua.

Mimi niliye nje ya mlango, kwa heshima,
Mwanamisi, Mama Zahra
(mtumiaji wa kawaida)

Baada ya kutia sahihi: Nilikuwa natafuta bahasha, bwana mmoja nadhifu mwenye tai akabisha. Akasema umemtuma achukue vitu vya Fahim vikakaguliwe kwa ajili ya mtihani. Kwa vile maswali yamenichosha, sikumuuliza hata moja. Nilimsaidia kubeba mpaka barabarani. Alisema vitakuwa tayari kesho, ofisini kwako. Wangeci amepita sasa hivi akaniuliza ni chuo gani hicho hufungua Jumapili. Kama kweli ulimtuma, tafadhali nitumie vifuatavyo kabla Fahim hajatoka kazini: redio ya kaseti; diski sita zenye kazi yake ya mtihani; viatu vyake vya Idd; pasi ya makaa, ambayo ni ya Wangeci; na, ingawa hicho hakukichukua, kitabu kipya cha mistari, kurasa mia mbili. Wangeci amekubali kumlea Zahra Jumatatu, lakini anasema kila mtu atatia sahihi, kuanzia Fahim.