Laptopu Yako Haikuiamkia Kompyuta Yangu

Silvanus Hhando,
Rhotia, Karatu.

Kwa Sabina,
Mwenye Steshenari,
Karatu Mjini.

YAH: UTOVU WA ADABU WA LAPTOPU YAKO

Mpwa wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zote, za ujomba na za kiofisi. Ningeweza kupiga simu, lakini mashtaka hayapelekwi kwa simu, na wewe huwa unakata nikifika katikati.

Unafahamu kwamba Jumapili hii, baada ya ibada, ukoo mzima unakutana Ganako kusomewa Historia ya Ukoo, niliyoiandika mimi kwa miaka kumi na tisa kwenye kompyuta yangu. Unafahamu pia kwamba bibi yako Marsela ana miaka tisini na moja, na anachongoja duniani ni kusikia jina la baba yake likisomwa mbele ya watu. Sasa kompyuta yangu flashi haiioni, sidii inazitema. Njia iliyobaki ni kuiunganisha kwa waya na laptopu uliyotuazima, faili livuke, likachapwe kwako. Fundi Remigius akaja na waya wa bluu, akachomeka huku na huku. Laptopu yako ikasema haioni kompyuta yoyote.

Haioni! Kitu chenye ukubwa wa mtamba, kinanguruma mita moja mbele yake! Malalamiko yangu ni haya:

1. Haikuamkia. Kompyuta yangu ni ya mwaka 2002, imefanya kazi kwenye kambi ya watalii kule juu Ngorongoro, imeandika majina ya Wazungu ambayo hata wenyewe hawawezi kuyatamka. Yako ina miaka miwili. Nani amwanze mwenzake? Remigius alitaka eti yangu ndiyo ijitambulishe. Nikamwuliza, fundi, kwenu mzee hujitambulisha sebuleni kwake?

2. Inajifanya haijui lugha. Remigius anasema kompyuta za zamani zina lugha yao ya kuitana, na hizi mpya zinayo ndani ila imezimwa, ati kwa usalama. Sabina, hiyo si sawa na mtoto wa hapa Rhotia aliyekaa Arusha mwezi mmoja, akirudi anasalimiwa Kiiraqw anajibu Kiswahili cha redioni? Lugha imo! Tuliiwasha kwa nguvu.

3. Baada ya kuwashwa ikadai jina na neno la siri. Inamdai nani? Kompyuta hii mwaka 2009 ilimrudisha tembo. Alishuka kutoka msituni, akaingia kwenye mahindi yangu, vijiji viwili vikapiga madebe mpaka yakapinda. Nikaiwasha. Feni ikanguruma, tembo akasimama, akafikiri, akainamisha mkonga na kurudi hifadhini kwa adabu. Wapo wanaosema walikuwa tembo watatu, lakini mimi sipendi kutia chumvi.

4. Hili ndilo lililoniuma. Remigius akasema lazima zote mbili ziwe kwenye kikundi kimoja. Kikundi cha kompyuta yangu kinaitwa WAZEE, nilikiita hivyo mwenyewe. Akataka laptopu yako iingizwe humo. Miaka miwili, ikae kwenye kigoda na wazee, ipokezwe kibuyu cha pombe ya asali? Nikakataa. Akasema basi yangu ihamie kwenye kikundi cha yako. Hapo nilivua kofia nikaikalia nisije nikasema neno. Mke wangu, shangazi yako, alicheka mpaka akatoka nje, akapiga kelele huko huko: "Baba Isaya, Jumapili utawasomea waya?"

Usidhani naongea nisichokijua. Nimesoma mpaka darasa la sita, lakini lile la zamani, ambalo leo ni sawa na digrii na robo.

Kwa hiyo naomba laptopu yako itozwe faini ya beberu mmoja, uilipie wewe, na iamkie mbele ya mashahidi. La sivyo nakwenda kwa mtendaji wa kata. Akishindwa, wilayani. Wilaya ikishindwa, nakwenda mwenyewe kwa waliozitengeneza. Nauli ninayo mpaka hapo Makuyuni.

Msalimie mumeo, watoto, wateja wote wa fotokopi, na yule jirani muuza chipsi. Shangazi yako anakusalimu, ingawa bado hajamaliza kucheka.

Wako katika haki na teknolojia,
Mjomba Silvanus Hhando,
Mwandishi wa Ukoo.

N.B. Nilipotoka kufunga ndama, kumbe Remigius ameandika WAZEE kwenye laptopu yako bila ruhusa. Zimeonana papo hapo. Faili limevuka kabla sijavua buti. Nikaisifu kasi, akasema si kasi, mzee, lina ukurasa mmoja. Tumelifungua. Kuna kichwa cha habari, kuna jina langu kwa herufi kubwa, chini yake kweupe. Hayo mengine, Sabina, naona miaka yote nilikuwa nayasimulia tu. Faini nimefuta. Panda bodaboda uje leo hii, wewe unaandika haraka. Bibi yako amejivutia kiti mbele ya laptopu, ameshataja babu wanne, na mimi bado naitafuta herufi ya kwanza.