Habari Zangu Kwenye Sauti Kubwa

Ndugu zangu, leo nimevuliwa nguo ku porti, bandarini Kalemie, mbele ya watu wote, na kitenge changu kikiwa kimefungwa vizuri mwilini.

Mujue kwanza hili. Vita ilipokaribia Uvira, mudogo wangu Zaina alipanda bato, ile meli ya ziwani, na watoto wake waje huku kwetu. Njiani simu yake ikazimika. Tangu pale mimi sikai. Nikipika nasimama, nikiketi nasimama, nikiswali namaliza haraka kama mutu anaitwa inje. (Mungu anisamehe, rakaa zingine sijui nilizipeleka wapi.)

Asubuhi nikateremka tena ku porti. Watu walikuwa wamejaa, kila mutu na simu mukononi, macho ku ziwa. Mama Salima, mama-mukwe wangu, alinifuata na sahani ya ugali na ndagala, samaki wadogo wa ziwa, kwa sababu ameona sili. Majirani wote wameona sili. Wanaambiana kwamba mimi Riziki namulilia mudogo wangu, chakula hakipiti. Mimi nawaacha waseme. (Mutaelewa mbele kidogo.)

Simu ikalia. Namba siijui. Nikaishika kwa mikono miwili.

Ilikuwa sauti ya kijana, ya heshima, Kiswahili cha Lubumbashi. Alinisalimia kwa jina langu lote, mpaka lile la babu. Akaniuliza kama ni kweli saa hii niko karibu na porti ya Kalemie. Mu wakati wa vita, mutu usiyemujua akikuambia fasi, mahali umesimama, unafikiri vitu viwili tu: ao anakuwinda, ao ametumwa na ndugu yako. Nikageuka nyuma. Nikaona mbuzi tu.

Nikamuuliza ni nani. Akajibu, "Mama, usiogope. Tuko na habari zako zote."

Habari. Sikusikia neno lingine. Nikawageukia watu, nikapaza sauti: "Munyamaze, huyu iko na habari!"

Porti nzima ikanyamaza. Wapakizi wakatua mizigo. Watu wakanizunguka, Mama Salima akaanza dua. Nikafungua sauti kubwa, nikainua simu juu ili hata wa nyuma wasikie, nikamuambia kijana aseme yote, asifiche.

Hakuficha.

"Mama Riziki, tunaona unajinyima chakula ili tumbo lipungue mbele ya harusi ya wifi yako. Lakini kilo bado hazishuki." Akazitaja. (Hapa sitaziandika. Waliokuwepo watawaambia, tayari wanaambia watu.) Akaendelea kwamba wako na chai ya kupunguza tumbo, na kwa sababu niko Kalemie, itanifikia.

Nilitaka kukata simu. Nikabonyeza kila kitu isipokuwa pa kukatia. Sikuthubutu kumuangalia Mama Salima. Nilisikia tu dua yake imekatika katikati.

Nikamuuliza kijana, kwa sauti ya mutu anayezama, nani alimupa mambo yangu. Hakukasirika. Alinieleza polepole. Ile aplikasyo ya mazoezi ya tumbo niliyoweka mu simu iliniomba ijue fasi niko, na isome namba zote za watu wangu. Nikakubali. Jina, kilo na harusi nilijaza mwenyewe. Wenye aplikasyo wakauzia watu wa matangazo habari zile, hao wakauzia wengine, mpaka zikafika ku kampani yao. "Wewe mwenyewe njo ulikubali, Mama," akasema. "Sisi tunasoma tu."

Watu wakaanza kucheka. Lakini Papa Kasongo, jirani yetu, bibi yake na watoto wako mu bato ileile ya Zaina. Yeye hakucheka. Alisogea, akainamia simu yangu.

"Kijana," akasema, "kama toka huko uliko unaona tumbo la Riziki, utakosaje kuona bato nzima? Tafuta namba ya bibi yangu."

Kicheko kikakatika. Watu wakaanza kumutajia namba, mumoja juu ya mwingine, na mimi nikataja ya Zaina. Tulimusikia akibonyeza, kweli alitafuta. Mwishoni akasema hawaoni. Namba ya Zaina peke yake njo iko kwake, lakini haionyeshi fasi. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Akasema mama yake mwenyewe amebaki upande wa Uvira, na yeye pia hamuoni. Akatuomba radhi, akakata. Chai hakuitaja tena. (Mama wawili waliniomba namba yake. Siwataji, ni majirani.)

Bato ikafika mchana. Papa Kasongo aliwapokea wake kwa kuwashika vichwa, mumoja mumoja, halafu akarudia. Zaina akashuka bila viatu, watoto wote wazima, nami nikamukumbatia mpaka akaniomba nimuache apumue.

Nilipomuuliza kwa nini simu ilizimika, akaniambia haikuzimika. Aliizima mwenyewe. Watu asiowajua walikuwa wanamupigia kila saa, na mumoja alimuuliza kama yeye si mudogo wake Riziki wa Kalemie. Akaogopa kwamba kuna watu wanamufuata. Akatoa hata batri. "Dada," akaniuliza, "namba yangu waliitoa wapi?"

Nikamuambia watoto wanasikia njaa, twende nyumbani.

Basi nawaomba, mwenye kucheka acheke polepole. Zaina amelala chumba cha pembeni, na bado sijamujibu.