Sanduku Jeusi kwa Kinyozi

Umeme ulipokatika, mtaa mzima uliguna. Injinia peke yake alitabasamu. Cheo hicho alijitunuku mwenyewe, na alikivaa kwa heshima zote. Kwapani alibana sanduku jeusi la umeme wa akiba. Ndani yake mlikuwa na betri ndogo iliyomudu taa na simu, pamoja na nusu tofali, kwani wateja huamini uzito kuliko maelezo.

Jioni ile alikuwa na miadi na tajiri mmoja aliyetaka shehena nzima ya masanduku hayo. Mtu haendi kwa tajiri na nywele timutimu. Akaingia kwa kinyozi.

"Kaka, hilo linabeba nini?" kinyozi aliuliza, macho yamemtoka.

"Niulize lisichobeba."

"Mashine ya kunyolea je?"

"Hiyo hata halitajua kama imechomekwa."

Akilini mwake kinyozi alikwisha kuwaona majirani wakipanga foleni kuchaji simu kwake. "Basi keti, nikunyoe kwa umeme wako. Likinifaa nanunua, na kunyoa ni bure."

Neno "bure" limewaponza wenye akili zaidi ya Injinia. Akaketi.

Upande wa kushoto wa kichwa ukatakata. Kinyozi, ambaye tamaa yake haikuwa na breki, akachomeka feni, kisha simu za majirani, kisha akalifunika sanduku kwa taulo lisipate vumbi.

"Ndugu, taulo toa. Linahitaji hewa," Injinia alisema kwa upole wenye wasiwasi.

"Si linabeba kila kitu?" Kinyozi akachomeka birika.

Harufu ya plastiki ikapanda. Mashine ikakata roho katikati ya utosi.

"Chomoa birika!" Injinia aliruka na shuka shingoni. "Hilo ni la taa na simu tu, utatuunguza!"

Kinyozi alichomoa vyote, akafungua sanduku, akalitoa tofali kama daktari wa meno anavyolitoa jino.

"Na hili, Injinia?"

"Hilo… hulituliza."

"Aha."

"Nimalizie basi, mzee wangu. Nina miadi."

"Mashine ya chaji ninayo. Lakini kwanza simama mlangoni, uwaambie watu ulichoniambia sasa hivi."

Injinia akasimama, kichwa nusu msitu, nusu uwanja. Taa na simu tu, akasema, msilifunike, likipata moto lichomoeni, birika na pasi marufuku. Hakuwahi kuzungumza kwa ufasaha namna ile, maana hakuwa na la kutunga.

Shangazi mmoja mshonaji alisikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu, mimi shida yangu taa tu. Tofali baki nalo." Akatoa pesa. Kinyozi, aliyeshika sanduku, ndiye aliyezipokea.

"Hizo ni zangu!" Injinia alilia.

"Nusu. Kesho leta mengine, tuuze pamoja."

"Na nywele zangu?"

Kinyozi alimzunguka, akimkagua kwa makini.

"Ziache hivyo hivyo. Tajiri wako atakuamini: mwongo angekuja nadhifu."