Wa Kijani ni Nani

Wakazi watukufu wa Hathelwick, natangaza kwamba suala la watoto wa kijani limeshughulikiwa kikamilifu, na ofisi yangu haikukosea popote.

Wavunaji waliwakuta ndani ya shimo la kunasia mbwamwitu: msichana na mdogo wake, kijani kama kabichi, lugha yao haijulikani, hawali ila maharage mabichi. Watu walipiga ishara ya msalaba. Mimi, Osbern, msimamizi wa mashamba ya Bwana anayemiliki kijiji chetu, nilifungua daftari. Wageni hawana ukurasa humo. Mifugo iliyopotea inao: hutangazwa sokoni mara tatu, na mwenyewe asipotokea kwa mwaka mmoja na siku moja, inakuwa mali ya Bwana. Nikaandika: "Wawili, kijani, hula maharage mabichi tu."

Yule mdogo alifariki kabla ya Krismasi. Nikaandika: "Upungufu wa kawaida." Gunnild, mjane aliyewatunza, akaacha kunisalimia.

Mwaka na siku vikatimia. Asubuhi ya makabidhiano, Bwana akiwa njiani, nilikwenda kukagua mali. Msichana alikuwa mweupe, mashavu mekundu, anatafuna mkate na nyama ya nguruwe.

"Umemharibu!" nikafoka. "Daftari linasema kijani."

"Basi hayo maharage lilishe daftari," akajibu Gunnild. "Nimeshazika mmoja. Huyu mwanangu hamumchukui ng'o!"

"Mama, mali ya Bwana haibadiliki rangi bila kibali."

Nikaagiza pipa la rangi ya kijani kutoka kwa watia rangi sufu. Nikamshika msichana nimtumbukize. Akajichomoa, nami nikaingia kichwa mbele.

Bwana akafika. Wazee kumi na wawili wakaapishwa kusema kweli tupu, kama ilivyo desturi.

"Haya, wa kijani ni nani?" akauliza Bwana, daftari langu mkononi.

Wote wakaninyooshea kidole. Miaka tisa nawasimamia, sijapata kuwaona wakikubaliana upesi vile.

"Jamani, mimi ni msimamizi!"

"Pole, Bwana Msimamizi," akasema Gunnild. "Ila mwandiko si wako?"

Ulikuwa wangu, na mzuri sana.

Sasa naishi katika banda la Bwana, nyuma ya nguruwe. Msichana huniletea maharage mabichi kila siku. Jana nilimwomba kipande kidogo tu cha mkate. Akanijibu kwa lugha yetu, bila kukosea hata neno:

"Daftari haliruhusu."