Cheti cha Kutojua

Mambo yote yaliharibika siku ya pili, Jumanne, tarehe 12 mwezi wa tatu mwaka wa 2024, saa ine ya asubuhi, wakati wakubwa walifungua kule Bukavu Ofisi ya Kujua na Kuamini. Tangazo lilisomwa kwa mikro: “Kuanzia leo, hakuna mutu atajua kitu bila kashe, muhuri wa ofisi. Kisichopigwa kashe, mutu atakiamini tu, kwa hatari yake mwenyewe.”

Sheria zilikuwa ine, safi kabisa. Kinachojulikana, sherti kikuwe kweli. Anayejua, anajua kwamba anajua. Asiyejua, anajua kwamba hajui. Na anayebadilisha mawazo aondoe kile kidogo zaidi, asivuruge mengine.

Siku ile ile Papa Philémon, fundi viatu wa Kadutu, alikuja kusema ukuta wa kilima ulio juu ya nyumba yake umepasuka, utaanguka. Walimupokea vizuri, hata kiti walimupa. Wakaandika: “Anaamini.” Siku kumi baada yake mvua ilinyesha, nusu ya ukuta ikaanguka, ikamukuta Delphine, muke wake, anatwanga sombe, majani ya muhogo, akafa pale pale.

Nusu ingine ilibaki inaning’inia juu ya chumba cha binti yake Joviale na watoto wake. Na mafundi wa kubomoa walitumwa kwa vitu vinavyojulikana tu. Philémon akarudi.

“Papa, pole sana,” Direkta Ezéchiel alisema. “Lakini ulipokuja, ukuta ulikuwa umesimama. Basi uliamini.”

“Na sasa umeanguka.”

“Voilà! Ile nusu, sasa unaijua. Charlène, mupigie kashe.”

“Na ile imebaki?”

“Iko imesimama, Papa. Ikianguka, kuja mbio, hatutakuchelewesha.”

Philémon alisogea kwa meza. Shule aliachia mwaka wa tatu, lakini sheria zilikuwa zimebandikwa pale ukutani na yeye alikuwa amezisoma wakati wote wa foleni.

“Direkta, ninyi mulijua ukuta utaanguka?”

“Hapana! Hatukujua hata kidogo.”

“Mulijua kwamba hamujui?”

Direkta alicheka kwa heshima. “Papa, hii ni ofisi ya serikali. Sheria ya tatu! Tulijua vizuri sana kwamba hatujui, tangu siku ile ulikuja.”

“Niandikie.”

Akaandikiwa, na kashe mbili. Philémon akasoma cheti kwa sauti, foleni yote ikisikia, halafu akauliza ulizo moja. Mama mumoja wa foleni akasema, “Aah, tonton, umewakamata!” Charlène, mwandishi wa ofisi, akaandika ulizo ndani ya rejista, maana kila neno linaandikwa.

“Futa cheti na ulizo lake!” Direkta alisema. “Tumebadilisha mawazo.”

Charlène akafungua sheria ya ine. “Tukifuta cheti, sherti tufute sheria ya tatu. Tukifuta ya tatu, ofisi inakufa na kazi ya watu makumi mbili. Tunatafuta kile kidogo zaidi, Direkta.” Akapima, akahesabu, akapiga simu kwa wakubwa. Hawakukawia kujibu: kile kidogo zaidi ilikuwa Direkta.

Aliondolewa kabla ya saa sita, na mengine yote hayakuvurugika hata kidogo.

Direkta mupya, Maman Gisèle, alikaa kitini, akafungua rejista. Joviale na watoto wangali wanalala chini ya ile nusu. Ulizo la Philémon liko pale, ukurasa wa mwisho, na kando yake nafasi tupu ya jibu: kama mulijua kwamba hamujui, kwa nini hakuna mutu alienda kuangalia?