Ngoma ya Mtungi ya Miaka Mia Nne

Jumatatu, 3 Juni

Mkutano wa kamati ya maendeleo ya mtaa. Mimi ndiye katibu, kwa sababu kalamu yangu ndiyo pekee inayoandika. Habari kubwa: Jumamosi wanakuja wageni wa shirika la maji. Bomba wanalo moja tu. Litakuja kwetu au litakwenda mtaa wa Ng'ambo, upande wa pili wa bonde. Pampu yetu ya mkono ilikufa miaka minne iliyopita. Tangu hapo mke wangu anashuka kisimani mara nne kwa siku, na goti lake moja limevimba halitaki kupungua.

Mwenyekiti akasema tuwapeleke wageni kwenye pampu mbovu, waione, basi. Nilipigwa na butwaa. Mtu mzima, mwenyekiti, anasema hivyo mbele za watu! Nikamweleza kwamba wageni hawawapi wenye shida, maana wenye shida ni wengi mno. Wanawapa wenye shida walio na ngoma. Akaniuliza ngoma gani. Nikajisikia nikijibu kwamba mtaa huu una ngoma ya kale kabisa, ya miaka mia nne, Ngoma ya Mtungi. Wote wakashangaa. Mimi nilishangaa kuwazidi, maana ndiyo kwanza na mimi naisikia.

Siri, isitoke kwenye daftari hili. Ngoma inataka sare, sare inataka fundi cherehani. Mimi ni fundi cherehani. Sindano, fundi mwenzangu wa upande wa pili wa barabara, hajaliwaza hilo. Mkono wake mwepesi, akili nzito.

Jumanne, 4 Juni

Nimetunga wimbo. Asubuhi nzima sikushona hata kifungo. Mke wangu akauliza unahusu nini. Nikamwambia unahusu kuteka maji. Akasema huko hakuna cha kuimba, kuna miiba, utelezi na foleni. Nikamfundisha kwamba wageni hawapendi watu wanaolialia. Wanapenda watu wanaoteseka kwa furaha.

Kiitikio nimekipenda mwenyewe: "Njia ya kisimani tamu, tamu kuliko asali." Mke wangu anajua kusoma, bahati mbaya. Alikisoma mara mbili, kisha akaniuliza mara ya mwisho mimi kushuka kisimani ilikuwa lini. Nikakumbuka. Mwaka juzi, kwenye msiba, na nilishika kata tu. Mtunzi haulizwi maswali ya namna hiyo.

Mama mkwe, ambaye anaishi nasi na kifua chake kibovu, alicheka mpaka akapaliwa. Akaomba maji. Mtungini hamkuwa na kitu.

Jumatano, 5 Juni

Mazoezi. Wamekuja wanawake ishirini na wanne, kila mmoja na dumu lake la plastiki la njano. Mshtuko! Miaka mia nne iliyopita madumu yalitoka wapi? Nikatangaza msako wa mitungi. Mtaa mzima tumepata mitatu. Mmoja umepandwa maua. Wa pili una kuku anayeatamia, na mwenye kuku amesema bora wageni wasije. Wa tatu ni wetu.

Lakini hilo si kitu. Katikati ya mazoezi akatokea Sindano, amekunja mikono, anatikisa kichwa. Akasema tunakosea. Akasema babu yake aliicheza ngoma hii, na mguu wa asili wa kuanzia ni wa kushoto. Ngoma nimeizaa juzi, yeye ana babu yake ndani! Nikataka kumuumbua. Nitamuumbuaje bila kujiumbua? Nikasema kweli, ni wa kushoto. Wazee wawili wakaitikia kwamba hata wao wanaukumbuka mguu huo.

Ijumaa, 7 Juni

Mwenyekiti bado anang'ang'ania pampu yake. Anasema usipowaonyesha wageni ubovu, watajuaje kama ni mbovu. Nikamwambia aibu ya nyumba haianikwi barazani. Alipokwenda kula nikaizungushia pampu mbao, nikaweka turubai juu, ikawa jukwaa. Zuri kweli. Hakuna atakayejua kuna chuma kimeoza chini yake.

Wanawake wamefanya mazoezi siku tatu, hawajashuka kisimani ipasavyo. Leo mtaa mzima umelala bila kuoga. Mama mkwe amenywa dawa yake kwa mate. Akasema sikio la kufa halisikii dawa. Nilidhani anazungumzia dawa yake.

Jumamosi, 8 Juni

Ushindi!

Walikuja wageni wawili na mkalimani. Bwana mmoja wa mabomba, na bibi mmoja mwenye miwani ambaye kazi yake ni kuandika juu ya utamaduni. Yule bwana alikuwa na futi ya kupimia kama yangu, ila ya chuma. Aliuliza pampu ya zamani iko wapi. Nikamnyooshea kidole kuelekea huko, mbali kidogo. Muda wote amekaa jukwaani, juu ya pampu yenyewe.

Wanawake wakacheza. Mguu wa kushoto. Mke wangu alikuwa mstari wa mbele, goti limefungwa kitambaa chini ya nguo, mtungi kichwani haukuyumba. Walipofika kwenye "tamu kuliko asali" yule bibi akavua miwani akafuta machozi. Yule bwana akarudisha futi mfukoni.

Bibi akauliza ngoma ina umri gani. Miaka mia nne, nikasema. Akauliza, je, maji yakifika majumbani, wanawake hawa wataacha kuicheza? Nikajua huu ndio mtihani wenyewe. Nikajibu kwa sauti kwamba sisi bila njia ya kisimani si watu. Aliandika neno kwa neno.

Hapo mke wangu akanyoosha mkono kutaka kusema. Nikamuwahi mkalimani, nikamwambia mwanamke huyu anauliza kama wageni wameletewa soda. Wageni wakacheka, wakashukuru. Mke wangu akashusha mkono. Tangu hapo hajaongea nami, nadhani ni uchovu.

Jumanne, 18 Juni

Barua imefika. Mwenyekiti ameisoma mbele ya kamati, nami nimeandika muhtasari mpaka kalamu ikanianguka.

Bomba limekwenda Ng'ambo. Ng'ambo! Hawakucheza chochote. Wamewaonyesha wageni ndoo iliyotoboka na bibi kizee mmoja aliyesema amechoka. Basi, wamepewa.

Sisi tumeandikwa Mtaa wa Urithi. Njia yetu ya kisimani italindwa. Lisipitishwe bomba juu yake kwa miaka kumi, ngoma isije ikafa. Tunaletewa mitungi ishirini na minne ya udongo, ngoma mbili na kibao cha kuchomeka mwanzoni mwa njia. Barua imenitaja mimi na maneno yangu, kwamba bila njia ya kisimani si watu. Mwenyekiti aliyarudia maneno hayo polepole, akiniangalia. Nilitamani nijifiche chini ya turubai pamoja na pampu.

Na sare? Ziko! Zitashonwa na Sindano. Barua inamwita mtunza kumbukumbu ya ngoma. Alizungumza na yule bibi kuhusu babu yake nilipokuwa nafuata soda.

Ijumaa, 21 Juni

Nimeamka nikakuta mtungi juu ya cherehani yangu. Mpya, wa urithi, ulioletwa jana. Mke wangu alikuwa amekaa mlangoni, mguu ameunyoosha juu ya kigoda, goti kama boga. Akasema mganga wa zahanati ya mbali amemkataza mteremko mwezi mzima. Akasema niende mimi, kwa vile njia ni tamu.

Nimekwenda. Sikujua. Nasema kweli, sikujua! Njia ni mteremko mtupu, mawe yanateleza, miiba inashika suruali. Foleni ya saa mbili nzima, jua kichwani. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu ana mimba kubwa, amekaa juu ya dumu lake amefumba macho. Nikafikiri mara nne kwa siku, miaka minne, na mimi kwenye kiti nashona vifungo. Niliumia rohoni, machozi yakanilenga. Nikataka kuwaomba radhi wote.

Kabla sijafungua mdomo, mmoja akaanza kuimba, taratibu. Wengine wakapokea. Foleni nzima, "njia ya kisimani tamu," wananiangalia mimi, hakuna anayecheka. Walianza na mguu wa kushoto.

Kupanda ndiko kulikoniua. Nusu ya maji nilimwaga, nusu ya pili ilimwagika na mtungi nilipoanguka. Nilipokaa chini kujipangusa, ng'ambo ya bonde niliwaona vijana wanachimba mtaro, na yule bwana na futi yake ya chuma anawapimia. Mama mkwe alinipokea mlangoni, akaniambia, pole mkwe wangu, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kisha akakohoa, akaomba maji.

Jumapili, 30 Juni

Siku kumi za kisimani. Goti langu nalo limeanza. Kifua cha mama mkwe kimezidi, na zahanati ni mwendo wa nusu siku.

Lakini leo, mkutano! Wageni wengine wanakuja wiki ijayo. Wana zahanati moja tu, kwetu au Ng'ambo. Mwenyekiti akasema safari hii tuwaonyeshe wagonjwa wetu, basi. Nilishika kichwa. Watu hawajifunzi! Wagonjwa kila mtaa unao. Nikasimama, nikawakumbusha kwamba mtaa huu una ngoma ya kale kabisa, inachezwa usiku kucha mpaka homa inamtoka mtu yenyewe, bila dawa wala daktari. Kisha Sindano akasema anaikumbuka vizuri, inaanzia mguu wa kulia.

Nimerudi nikamsimulia mke wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akimkanda mama yake kifua. Aliinuka akichechemea, akaenda uani, akaleta mtungi wa pili, akauweka mlangoni kando ya wa kwanza ninaotekea maji.

Nadhani ni wa mazoezi.