Bizimu ya Ardis na Risasi Zangu Ndefu

Jumatatu, 3 Juni
Nimeng'oa bizimu ya mkanda wangu na kuitupa mtoni. Kuanzia leo suruali nafunga kwa kamba ya marobota ya nyasi, mpaka Jumamosi nitakapotwaa bizimu ya ushindi ya klabu yetu ya shabaha. Nimetangaza hivyo mgahawani, mbele ya jimbo zima la Montana. Ardis Haugen, dereva mstaafu wa basi la shule, bibi wa miaka sabini na minne, aliyeitwaa mara nne mfululizo, aliniuliza kama kamba ninayo ya kutosha. Watu wakacheka! Nilimaliza pai yangu kwa heshima.

Jumanne, 4 Juni
Mwaka jana risasi zangu kali zilitoboa sahani mbili za chuma tunazolenga. Sasa klabu imeweka kikomo: mwendo usizidi futi elfu moja kwa sekunde. Sheria ya kunionea! Ardis anasema siri ndiyo hiyo hiyo, tundu kubwa la mtutu, risasi nzito, haraka ya nini. Yeye hupiga zile za ganda fupi. Bastola yangu inakula zote, fupi na ndefu, lakini mwanamume mzima apige fupi? Nimeagiza ndefu zilizotiwa baruti kidogo. Ukiziona, kali. Mwendo wake, wa pole. Hakuna atakayejua.

Jumatano, 5 Juni
Ndefu zitafika Ijumaa. Kwa mazoezi nimetumia fupi, nyuma ya ghala, mke wangu Marlys akilinda barabara nisionekane. Sahani tano kati ya sita! Mkono hauumi. Sikufumba macho hata mara moja.

Alhamisi, 6 Juni
Fupi mia mbili. Sita kwa sita! Ardis alikuja kurudisha bakuli la Marlys, akayaona maganda chini. Hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Akasema, Orville mdogo wangu, ukitoka kwenye fupi kwenda ndefu, sugua matundu ya kuwekea risasi kwanza, masizi hubaki mle ndani. Nikamjibu kwamba nilishika bastola kabla yeye hajashika usukani. Anataka kunipotezea muda, mjanja huyo. Brashi ya kusugulia imebaki kabatini.

Ijumaa, 7 Juni
Ndefu zimefika. Nzuri mno! Nimezipanga dirishani. Marlys aliuliza mbona sijaribu hata moja. Nikamwambia sitaki kuharibu bahati.

Jumamosi, 8 Juni
Mwamuzi Verlin aliniita nipige tatu mbele ya kipima mwendo. Risasi ya kwanza iliingia, ikakwama kabla ya kufika mwisho. Ya pili vilevile. Nikasukuma kwa kidole gumba. Nikatoa nyundo nizigonge ziingie, Verlin akapiga yowe. Pete ya masizi katika matundu yote sita, pale pale zile fupi zilipoishia. Zilibaki dakika mbili za zamu yangu. Ardis akanijia na brashi mkono mmoja, fupi zake sita mkono mwingine, akasema chukua chochote, mdogo wangu, wahi. Alimaanisha kabisa. Watu wote walikuwa wananitazama. Nikasema kwa sauti kwamba mimi sipigi risasi za bibi. Muda ukaisha. Nikainua mikono yote miwili kupinga uamuzi, na kamba ikakatika. Mke wa mchungaji alikuwa mstari wa mbele.
Ardis ametwaa ya tano.

Jumapili, 9 Juni
Nimeona aibu, siwezi kuficha. Ardis amepita na kumwachia Marlys bizimu yake ya mwaka wa kwanza, eti nisitembee na kamba. Siivai ng'o. Nilipoijaribu, ilinikaa vizuri.
Nimefikiri sana na kosa nimeliona. Bastola yangu ni ndogo. Nimeagiza kubwa zaidi. Muuzaji anasema nayo inakula zote mbili, ndefu na fupi. Ndefu nitaweka kwa ajili ya mashindano, na mwaka mzima nitafanya mazoezi kwa fupi. Aliniuliza kama nataka na brashi yake. Nikamwambia hapana, ninayo moja kabatini, mpya kabisa.